Kupima utando wa sintetiki wa kuotesha mfupa wa taya: mwongozo kwa anayeanza maabara

Mwanafunzi anakuja na grafu. Mstari umepanda vizuri, umekatika panapotarajiwa, na chini yake ameandika megapaskali hadi desimali mbili. Swali langu la kwanza ni moja siku zote: kipande kilikuwa kikavu au kimelowa? Kimya kidogo, halafu: "Kikavu, mwalimu." Basi tunaanza upya, na miezi miwili imeshakwenda.

Kinywani hakuna kitu kikavu. Dakika chache tu baada ya daktari kuweka utando juu ya mfupa, umeshalowa damu, umepata joto la mwili na umepitishwa sindano. Karibu makosa yote ninayoyaona kwa wanaoanza yanatoka hapo: wanapima kitu kilichopo mezani badala ya kitu kitakachokuwa kwa mgonjwa. Maswali ni yale yale kila muhula, na inaniuma kuona mtu akimaliza utando alioutengeneza kwa jasho bila kupata namba hata moja ya kutegemea. Ndiyo maana nimeandika hatua hizi.

Nadharia, kidogo tu

Jino likishang'olewa, au mfupa ukiliwa na ugonjwa wa fizi, pengo linalobaki hugombaniwa. Seli za ufizi hukua haraka, za mfupa hukua polepole. Ukiacha hivyo, pengo hujaa nyama laini na kipandikizi cha jino hakina pa kushika. Utando huwekwa katikati ili kuwazuia wenye haraka. Mwaka 1988 Christer Dahlin na wenzake nchini Sweden walionyesha hilo kwenye taya za panya kwa kutumia utando wa PTFE, plastiki ya jamii ya Tefloni. PTFE haiyeyuki mwilini, kwa hiyo mgonjwa hulazimika kufunguliwa tena ili utolewe. Hapo ndipo zinapoingia polima zinazochakaa zenyewe, kama polikaprolaktoni (PCL) na PLGA, ambayo ni mchanganyiko wa laktiki na glikoliki.

Kwa hiyo unapima mambo manne: je, utando unazuia seli? Unavumilia kuvutwa na kushonwa? Unadumu muda wa kutosha? Hauui seli za jirani? Mwongozo huu unafuata utando wa PCL uliosukwa kwa umeme (polima iliyoyeyushwa huvutwa kwa umeme ikawa nyuzinyuzi nyembamba), maana ndio wengi wanaoanza nao. Pale ambapo PLGA ina tabia tofauti nitasema.

Andaa hivi kabla ya kugusa utando

- Mizani inayosoma hadi miligramu 0.1
- Maikromita au kipima unene chenye mgandamizo mdogo
- Bledi mpya za upasuaji, rula ya chuma na kibano chenye ncha butu
- Mashine ya kuvutia yenye seli ya mzigo (kihisio kinachosoma nguvu) ya nyutoni 10 hadi 50
- Bafa ya fosfeti (PBS) yenye pH 7.4, maji yaliyotoneshwa na kipima pH kilichosahihishwa siku hiyo hiyo
- Inkubeta ya nyuzijoto 37, na daftari lake la kuandika saa umeme ulipokatika na uliporudi
- Chombo cha kukaushia chenye silika, na pampu ya ombwe
- Chupa ndogo zenye vifuniko vinavyokaza, moja kwa kila kipande
- Uzi wa kushonea wa 4-0 au 5-0 (namba za unene wa uzi) wenye sindano yake
- Kwa sehemu ya seli: seli za L929 (za panya, zinazokuzwa maabara) au za ufizi wa binadamu, sahani ya visima 96, MTT (kemikali ambayo seli hai huigeuza kuwa zambarau), isopropanoli, na mashine ya kusoma sahani

Seli ya mzigo naomba uiangalie kwa makini. Maabara nyingi zina mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya chuma na zege, yenye seli ya kilonyutoni 1 na kuendelea. Utando wako utakatika kwenye nyutoni 3 au 5. Kwa seli kubwa namna hiyo unachosoma ni mtetemo wa mashine tu. Kama hakuna ndogo, kaazime.

Halafu kaa chini uhesabu vipande. Jaribio la uchakavu pekee, kwa vipindi sita, vipande vitano vya uzito na vitano vya kuvuta kila kipindi, ni vipande 60. Utando mmoja wa sentimita 20 kwa 20 hautoshi. Ukitumia miwili, changanya vipande vyake kwa kura. Ukiweka utando wa kwanza wiki za mwanzo na wa pili wiki za mwisho, tofauti ya tando mbili itajifanya kuwa ndiyo uchakavu, wala hakuna hesabu itakayokuokoa baadaye.

Hatua kwa hatua

1. Toa kiyeyushi chote. Klorofomu au DMF iliyobaki ndani ya nyuzinyuzi ndiyo sababu ya kwanza ya utando mzuri kuonekana una sumu. Weka kwenye ombwe kwa saa 48 kwa joto la kawaida la chumba, kisha pima uzito, rudisha, pima tena kesho yake. Uzito ukitulia, endelea.

*Angalizo:* usiharakishe kwa oveni. PCL huyeyuka kwenye nyuzijoto 60 hivi. Niliwahi kuweka utando wa wiki nzima kwenye oveni iliyoandikwa 50. Asubuhi nilikuta karatasi angavu kama nailoni, ngumu, haina nyuzinyuzi hata moja. Kidhibiti cha oveni ile kilikuwa kinadanganya, na mimi sikuwa nimeweka kipimajoto ndani. Tangu siku ile sitegemei namba ya mlangoni.

2. Takasa kwanza, pima baadaye. Wengi hupima nguvu, halafu ndiyo wanatakasa vile vya seli. Geuza mpangilio. Miale ya gama inaweza kukata minyororo ya polima na kubadilisha nguvu yake, nayo joto la otoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke), nyuzijoto 121, huimaliza PCL kabisa. Kwa majaribio ya maabara unaweza kutumia ethanoli ya asilimia 70 kwa dakika 30 na mwanga wa urujuanimno kila upande, mradi uandike wazi kwamba huko ni kupunguza vijidudu na kwamba njia hiyo haifai kwa utando wa mgonjwa. Njia yoyote utakayochagua, vipande vyote vipitie hiyo hiyo.

3. Kata. Ondoa sentimita 2 kila ukingo, maana pembeni utando ni mwembamba. Bonyeza bledi ikate kwa mpigo mmoja. Ukivuta kama unakata mkate, nyuzinyuzi zinafumuka. Kwa kuvuta, kata ukanda wa milimita 10 kwa 50. Kama utando ulikusanywa kwenye ngoma inayozunguka, kata mikanda mitano kwa kufuata mzunguko na mitano ya kukatisha. Nyuzinyuzi zimelala upande mmoja, na nguvu za pande mbili zinaweza kupishana sana.

4. Pima unene na uwazi wa ndani. Ukibana utando wenye nyuzinyuzi kwa maikromita unaukandamiza kama sifongo. Uweke katikati ya vioo viwili vya hadubini, pima, kisha toa unene wa vioo. Fanya mahali tisa.

Kosa dogo hapa lina bei kubwa. Chukua ukanda wa upana wa milimita 10 na unene wa 0.25: eneo lake ni milimita za mraba 2.5. Ukikatika kwa nyutoni 5, nguvu ni megapaskali 2. Sasa sema uliukandamiza ukasoma 0.20: nguvu inakuwa megapaskali 2.5. Umeongeza robo nzima kwa kidole gumba.

Uwazi unaupata kwa mizani. Kipande cha milimita 20 kwa 20 chenye unene wa 0.25 kina ujazo wa sentimita za ujazo 0.1. Kikiwa na uzito wa gramu 0.0229, densiti yake ni 0.229. PCL isiyo na matundu ina densiti ya 1.145. Gawanya, unapata 0.2; kwa hiyo asilimia 80 ya utando ni hewa. Namba hii haikwambii ukubwa wa matundu. Tando mbili zenye uwazi wa asilimia 80 zinaweza kuwa moja inazuia seli na nyingine inapitisha.

5. Lowesha hasa. PCL haipendi maji. Tone linakaa juu yake kama umande kwenye jani la mgimbi, na ukitupia kipande kwenye PBS kitaelea siku nzima na ndani kikavu. Kipitishe kwenye ethanoli ya asilimia 70, kisha ya 50, kisha maji yaliyotoneshwa mara tatu, kisha PBS. Utaona kinabadilika kutoka weupe wa karatasi kuwa kijivu kinachopitisha mwanga kidogo, kisha kinazama. Kikibaki na madoa meupe, kuna hewa, rudia. Baada ya hapo kiache kwenye PBS ya nyuzijoto 37 kwa saa 24.

6. Vuta kikiwa kimelowa. Acha milimita 30 kati ya vibano, milimita 10 kila upande ziingie kwenye taya za mashine. Weka msasa laini, upande wenye mchanga ukigusa utando, ili usiteleze. Kasi ya milimita 10 kwa dakika inafaa. Toka kwenye PBS hadi kuanza kuvuta isizidi dakika mbili. Kipande kilichokatikia kwenye kibano hakihesabiwi, hata kama namba yake inakupendeza. Ripoti wastani na mtawanyiko wa vipande vitano au zaidi, na useme unene uliotumia kwenye hesabu ni wa kabla au wa baada ya kulowesha.

7. Shona. Jaribio hili wengi wanaliruka, ilhali daktari atauliza hilo kabla ya jingine lolote. Pitisha uzi milimita 2 kutoka ukingoni, funga kitanzi, kishikize kitanzi kwenye kibano cha juu na utando kwenye cha chini, vuta mpaka uzi uchane utando. Jibu andika kwa nyutoni, pamoja na namba ya uzi na umbali kutoka ukingoni. Bila hayo mawili hakuna atakayeweza kulinganisha.

8. Angalia kama unazuia. Kaza utando uliolowa kwenye kikombe cha kuoteshea seli kisicho na sakafu, ukigawa kisima juu na chini. Mimina PBS juu peke yake na subiri dakika kumi. Ikivuja pembeni ya pete, seli nazo zitapita hapo hapo na utaulaumu utando bure. Ukishaziba, panda seli za ufizi juu, elfu 50 kwa kila sentimita ya mraba. Siku ya 3, 7 na 14 hifadhi seli zibaki zilivyo kwa paraformaldehidi ya asilimia 4, paka rangi ya viini, kisha kata utando kwa upande uone seli zimezama kiasi gani. Picha ya juu peke yake haitoshi, hata ikiwa ya hadubini ya elektroni. Weka pia kikombe kisicho na utando na kingine chenye utando unaouzwa tayari, upate cha kulinganishia.

9. Jaribio la uchakavu. Hili ndilo refu na ndilo linaloharibika kimyakimya.

Kausha kipande, pima uzito wa mwanzo, kiandike namba kwenye chupa na kamwe si kwenye kipande. Kipande cha milimita 20 kwa 20 kina takriban miligramu 23. Weka PBS mililita 10, ambayo ni zaidi ya mara 30 ya uzito wake kama viwango vinavyotaka. Chupa iingie inkubeta. Vipindi: wiki 1, 2, 4, 8, 12 na 24. Kila wiki pima pH. Ikitoka nje ya 7.2 hadi 7.6, badilisha bafa na uandike tarehe.

Siku ya kipindi ikifika: toa kipande, gusisha ukingo wake kwenye karatasi ya kuchujia maji ya juu yatoke, pima uzito wa mbichi. Suuza mara tatu kwa maji yaliyotoneshwa. Kausha kwenye ombwe mpaka uzito utulie. Uzito uliopotea ni tofauti ya mwanzo na mwisho, ukigawa kwa wa mwanzo. Maji yaliyonyonywa ni tofauti ya mbichi na kavu ya siku hiyo, ukigawa kwa kavu. Mikanda ya kuvuta yenyewe haikaushwi. Itoe kwenye bafa uende nayo moja kwa moja kwenye mashine.

*Angalizo:* kipande kilichokaushwa hakirudi kwenye chupa. Kukausha kunabadilisha muundo wake, na kuanzia hapo unapima historia nyingine.

Kuhusu PCL uwe na subira. Huchukua miaka miwili au zaidi kuisha mwilini, hivyo wiki ya 24 uzito wake unaweza kuwa karibu ule ule wa mwanzo. Jaribio halijashindwa. Minyororo hukatika kwanza, nguvu hushuka baadaye, uzito ndio hupotea mwisho. Ndiyo sababu tuliweka mikanda ya kuvuta kila kipindi. PLGA ya 50:50 (nusu laktiki, nusu glikoliki) ni kinyume chake, huisha kwa mwezi mmoja au miwili na huteremsha pH ya bafa, kwa hiyo kwake ongeza vipindi vya siku 3 na siku 10.

10. Sumu kwa seli. Fuata kiwango cha kimataifa ISO 10993-5, na maandalizi ya sampuli yafuate ISO 10993-12. Unaloweka utando kwenye chakula cha seli; maji hayo ndiyo dondoo, na ndiyo seli zitakayopewa. Kwa utando mwembamba kuliko milimita 0.5, uwiano ni sentimita za mraba 6 kwa kila mililita ya chakula cha seli, na eneo ni la pande zote mbili. Kipande cha sentimita 3 kwa 3 kina sentimita za mraba 18, si 9, hivyo kinahitaji mililita 3. Anayehesabu upande mmoja anaweka mililita 1.5 na kuzipa seli dondoo kali maradufu. Ongeza pia kile ambacho utando wenyewe utanyonya. Kwa uwazi wa asilimia 80 kipande hicho hunyonya karibu mililita 0.18.

Weka nyuzijoto 37 kwa saa 24. Wakati huo huo panda seli elfu 10 kwa kila kisima. Kesho yake toa chakula cha zamani, weka mikrolita 100 za dondoo, ukiwa na visima vya dondoo ya asilimia 100 na vya asilimia 50. Baada ya saa 24, weka MTT mikrolita 50 za miligramu 1 kwa mililita, subiri saa 2, toa, yeyusha rangi ya zambarau kwa isopropanoli mikrolita 100, soma kwenye nanomita 570. Seli zilizo hai zikiwa chini ya asilimia 70 ya zile zisizoguswa, dondoo ina sumu. Weka vidhibiti viwili vya kulinganishia: kidhibiti salama, kwa kawaida polithini nzito, na kidhibiti chenye sumu; vipande vya glavu za lateksi hutumika sana. Kidhibiti cha sumu kisipoua, sahani nzima haina maana.

Visima vya ukingoni mwa sahani jaza PBS tupu. Vinakauka haraka na namba zake hupotosha.

Mambo yakienda kombo

*Uzito umeongezeka badala ya kupungua.* Chumvi ya PBS imebaki ndani. Suuza zaidi, kausha upya. Kama utando una hidroksiapatiti (madini kama ya mfupa) au kioo hai (kioo kinachoshikana na mfupa), huenda madini yanajijenga juu yake kweli; thibitisha kwa hadubini kabla ya kufurahi.

*Bafa imekuwa na ukungu au nyuzi nyeupe zinaelea.* Kuvu. Tupa chupa hiyo, usijaribu kuiokoa. Kwa vipande vya uzito na nguvu tu unaweza kutia sodiamu azidi asilimia 0.02. Ni sumu kali: isikaribie vipande vya seli, isichanganywe na asidi, na isimwagwe kwenye sinki la mabomba ya chuma.

*PLGA imejikunja na kupungua ukubwa ilipoingia nyuzijoto 37.* Ulipoisuka, minyororo ilivutwa ikagandia hapo. Maji na joto vimeilegeza. Pima urefu na upana mpya na uviripoti. Utando unaopungua hivyo utaacha mfupa wazi pembeni, na daktari ana haki ya kulijua hilo.

*Namba za kuvuta zinatawanyika mno.* Angalia unene kwanza, kisha kingo za vipande kwa hadubini. Kingo zikiwa na mipasuko midogo, bledi ilikuwa butu. Badilisha kila baada ya vipande vitano.

*Dondoo ya asilimia 50 imeua seli kuliko ya asilimia 100.* Hilo haliwezekani kwa sumu ya kawaida. Rudia jaribio, mara nyingi visima vimechanganywa au seli zilipandwa bila kuchanganya vizuri.

*Seli zote zimekufa, hata kwenye dondoo hafifu, lakini polima inajulikana kuwa salama.* Rudi hatua ya 1. Chukua vipande vipya vya utando ule ule, viongezee saa 48 za ombwe, tengeneza dondoo upya. Zikipona, tatizo lilikuwa kiyeyushi. Zisipopona, fikiria ethanoli ya hatua ya 2 ambayo hukuisuuza ikaisha.

*Utando unaelea juu ya seli au juu ya chakula.* Haujalowa, rudi hatua ya 5. Ukiwa umelowa na bado unanyanyuka, uwekee pete ya silikoni iliyotakaswa.

*Umeme umekatika usiku na inkubeta imepoa.* Usifungue mlango. Andika saa. Kwa jaribio la wiki 24, saa tatu za joto pungufu haziharibu kitu ukiziandika. Kwa sahani ya MTT ya saa 24, anza upya.

*Vipimo vyote vimepita, na daktari rafiki yako anaomba "kipande kimoja tu ajaribu".* Mkatalie. Hapa hujapima mwitikio wa mwili, wala utakasaji uliothibitishwa, wala jinsi mfupa wenyewe unavyoota. Hayo yana njia yake: wanyama kwa kibali cha kamati ya maadili, kisha faili la kiufundi la aina inayoelezwa na ISO 22803, kisha mamlaka ya vifaa tiba ya nchi yako. Mwonyeshe matokeo ya hatua ya 7, umpe uzi na kipande kilicholowa, ashone juu ya taya la plastiki, na uandike kila anacholalamikia.